Ushauri Sahihi, Gharama ya Nani?

Mnamo Septemba 2011, wakulima wa Bomet nchini Kenya walishuhudia mahindi yakikauka shambani kabla ya kukomaa. Majani yalipauka, yakafa kuanzia kingoni kuelekea katikati. Mabua mengi hayakuzaa, na yaliyozaa yalitoa magunzi yenye punje chache. Uchunguzi ulibainisha kwamba adui hakuwa mmoja. Virusi vya madoa ya mahindi, vinavyoenezwa na vithiripi na aina fulani za mbawakawa, vilikuwa vimekutana na virusi vya batobato la miwa, vinavyosambazwa na vidukari. Kila aina peke yake hudhoofisha mmea, zikikutana, huua. Kufikia 2014 ugonjwa huo, uitwao MLN kwa kifupi, ulikuwa umeripotiwa pia Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia.

Shangazi yangu hulima ekari moja na nusu kusini mwa Bonde la Ufa. Ushauri aliopewa ulikuwa sahihi: ang'oe mimea iliyougua, asipande mahindi msimu baada ya msimu, apande viazi au maharagwe ili virusi vikose makao. Nilipomfafanulia mantiki yake, alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: "Sawa, mwanangu. Na jirani yangu akipanda?"

Swali hilo nimelipeleka darasani mara nyingi, kwa maana ni swali la siasa kuliko la kilimo. Mdudu hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja akiacha mahindi, faida huwafikia majirani wote, ilhali njaa hubaki jikoni mwake. Jirani mmoja akipanda, kujinyima kwa wengine huenda kukapotea bure. Ni makosa, basi, kumlaumu mkulima kwamba ni mkaidi au hana elimu. Amepiga hesabu yake vizuri. Mapumziko ya mahindi huleta tija pale eneo zima linapoyatekeleza kwa pamoja, na hilo halitokei kwa kuhimizana tu. Huhitaji mbegu za mazao mbadala zifike kabla ya mvua, na chakula cha kuwavusha wasio na akiba.

Siibezi kazi ya wanasayansi. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo huko Naivasha, chini ya CIMMYT na taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, cha kupima mbegu zinazostahimili ugonjwa huu, na juhudi hizo zimezaa matunda. Lakini kuzalisha mbegu mpya huchukua miaka, na watoto hula kila siku. Pengo hilo la kungoja si la maabara kuliziba. Ni la serikali.

Ndugu zangu mlio maofisini, mtakapoandika tena waraka wa kumtaka mkulima aache zao lake, uongezeeni ukurasa wa pili, unaotaja atakula nini hadi mavuno yajayo, na fedha hizo zitatoka fungu gani.