Njia ya Makete Kabla ya Lami

Kabla ya lami, barabara ya kutoka Njombe kwenda Makete ilikuwa mali ya watu wa miguu na wa baiskeli. Magari yalikuwa wageni. Basi lilipita asubuhi, likarudi jioni kama mvua imeruhusu. Katikati ya saa hizo ungeweza kukaa juu ya baiskeli kutwa, ukaiacha misitu ya miwati upande wa Njombe, ukaingia kwenye misindano na mashamba ya pareto ya Ukinga, usisikie honi hata moja. Leo kilometa zile 107 zina lami safi na mistari yake myeupe, na baiskeli imebaki ya mtoto anayetumwa dukani. Lami hiyo niliisubiri kwa hamu kama kila mtu wa Ikonda. Imenipa mengi. Lakini imeondoka na kitu nilichokipenda kuliko vyote katika nchi ile, na sijapata pa kukitafuta.

Ikonda iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba majani huamka meupe kwa umande ulioganda, na mtu wa kuwahi Njombe alitoka mzula umemfunika masikio, soksi kuukuu mikononi badala ya glavu. Baiskeli zenyewe zilikuwa Phoenix za Kichina, nyeusi, nzito, zenye keria ya kubeba gunia na breki za vyuma virefu. Kwenye mteremko mrefu raba za breki ziliisha mpaka ukasikia chuma kinasaga rimu. Wazoefu walikata tawi bichi la mwati, wakalifunga nyuma ya keria, wakashuka nalo likiburura chini. Vumbi lilitimka, majani yakapukutika, baiskeli ikatii. Ukifika bondeni unalifungua tawi, unakunywa maji ya mto, kisha unaanza kuusukuma mlima wa pili. Hakuna aliyeona aibu kusukuma. Safari ya baiskeli Ukinga nusu yake ni kusukuma, na mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia niliyasikia hapo, watu wawili watatu wakienda sambamba katikati ya barabara, kila mmoja ameshika usukani wake, hakuna wa kumpisha.

Mwendo ule ulikuwa na adabu yake. Ukimkuta mzee unapunguza, na kama wewe ni kijana unashuka kabisa. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, unatoka wapi?" Ukishaingia kwa Wabena ni "Kamwene", nawe unajibu "Kamwene", ndipo unaulizwa habari za huko utokako: viazi Tandala wanauzaje, Moronga mvua imenyesha, daraja bado limesimama? Kwa hiyo mwendesha baiskeli alifika na habari za njia nzima, na aliyetangulia alikuwa ameshamtaja kwamba anakuja nyuma. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote wa barabara ile ni ndugu zetu, maana hapakuwa na aliyepita bila kujulikana.

Mizigo nayo ilikuwa ya kila namna. Viazi mviringo vilishuka kwa lumbesa, gunia limefura mpaka linamzidi kimo anayelisukuma. Ulanzi ulikwenda kwenye madumu, vifuniko vimelegezwa ili gesi isije ikayapasua njiani. Mbao zililazwa ubavuni mwa fremu. Na wagonjwa walipelekwa hivyohivyo Hospitali ya Ikonda, ile iliyoanzishwa na Wamisionari wa Consolata miaka ya 1960: mgonjwa ameketi kwenye keria, amefungwa kwa khanga kiunoni mwa mwendeshaji asidondoke, na ndugu wa tatu anakimbia nyuma akiwa amemshika bega. Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, barabara ilipogeuka tope, hata baiskeli ilishindwa na ikabidi machela. Wapo wajawazito ambao hawakufika. Ndiyo sababu mtu yeyote akisema mbele yangu kwamba ingekuwa heri lami isije, simwachi amalize. Sasa wagonjwa wanafika Ikonda kwa basi kutoka Mbeya, Songea, hata Dar es Salaam, na wanalala usingizi ndani ya basi hilo.

Ila kulikuwa na safari ambayo haikuwa ya mzigo wala ya ugonjwa, nayo ndiyo inayonirudia. Ukiyafuata matuta ya Milima ya Livingstone kuelekea magharibi, unafika mahali ardhi inakatika, na chini kabisa linatokea Ziwa Nyasa. Ukingo ule uko meta 2,000 na zaidi. Ziwa liko kiasi cha meta 475. Unatoka kwenye baridi ya koti na kofia, unashuka, unavua koti, unavua sweta, na ukifika ufukweni kuna miembe na mihogo na watu wamevaa singlendi. Baiskeli ilishuka mabegani zaidi kuliko ilivyobeba mtu. Lakini ufukweni penyewe, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya mwambao ule haikuwa na barabara ya gari. Watu walisafiri kwa mitumbwi na kwa meli, na wa nchi kavu walifuata njia nyembamba kati ya mlima na maji, mawe huku na mchanga kule. Wakisi wa Ikombe walifinyanga vyungu vyao vya udongo, vikauzwa mnadani Matema na vingine vikapandishwa milimani kwetu kwa kichwa. Tuliendesha pale penye tambarare na kuburura pasipopitika, maji yakiwa upande mmoja muda wote. Mtu wa mjini leo angelipa fedha nyingi kupata njia ya namna hiyo, yenye ziwa na isiyo na gari. Sisi tuliikuta tu, tukaipita kama jambo la kawaida.

Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, Makete haikuwa na lami ya kuiunganisha na makao makuu yake. Ujenzi ulipokuja uligawanywa vipande viwili vinavyokutana Moronga, na mitambo ikachonga milima ambayo tuliizoea kuizunguka. Kona zilinyooshwa. Mwendo ukapanda. Bega la barabara, palipo na bega, ni jembamba, na fuso la mbao likipishana na Kosta halibaki jani la nafasi. Baba yangu mdogo, aliyeendesha baiskeli tangu ujana wake, alipigwa na upepo wa lori akaingia mtaroni. Hakuumia sana, lakini baiskeli aliitundika ghalani na hakuishusha tena. Vijana walishahamia bodaboda. Fundi wetu wa baiskeli, aliyekuwa akizamisha tyubu ndani ya beseni la maji akitafuta povu, akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni na kuipuliza kwa mdomo kabla ya kubandika kiraka, sasa anafungua injini za pikipiki. Nilipomwomba spoku hakuwa nazo. Aliniambia niende Makambako.

Kinachoniuma ni kwamba njia ya zamani haikuhitaji kufa. Penye kona zilizonyooshwa, barabara ile ya vumbi ilibaki pembeni, imetupwa, inazunguka mlima wake kama zamani na hakuna gari linaloingia. Vipande hivyo nilivipita baada ya lami kukamilika. Nyasi zilikuwa zimeota katikati na matairi mawili ya zamani bado yanaonekana, na ndege walikuwa wengi kuliko ninavyowakumbuka. Kama waliochora barabara wangeambiwa waviunganishe kwa vichochoro vifupi, mtoto wa shule na mama wa viazi wangekuwa na njia yao hadi leo, na msafiri wa baiskeli pia.

Jambo hilo limefanyika kwingine. Huko Cornwall, Uingereza, reli ya pwani ya kwenda Padstow ilifungwa mwaka 1967, na tuta lake likafanywa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Watu huja kutoka mbali kuipita, bahari ikiwa inapanda na kupwa kando yao. Nasi tuna tuta letu. Reli iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa kikoloni wa kilimo cha karanga, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na mataruma yake yakang'olewa. Ingekuwa njia ya baiskeli inayoanzia pwani na kuingia kwenye mikorosho, mteremko wake umeshapimwa na wahandisi kwa ajili ya treni. Sijawahi kusikia mkutano wowote ukilijadili jambo hilo, wala kona zetu za Makete.

Na muda unakwenda. Vipande vya barabara ya zamani vinachukuliwa kimoja kimoja, na siwezi kumlaumu anayechukua, kwa sababu ardhi ni ndogo na viazi vina bei. Kimoja kimepandwa misindano. Kingine kimechimbwa changarawe. Kingine kimezungushiwa uzio na ng'ombe wanalala hapo. Mpwa wangu alipopata baiskeli yake ya gia aliniuliza, "Mjomba, niendeshe wapi?" Nikampeleka kwenye kile kilicho karibu na nyumbani, tukaenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jua likazama, kwa sababu hakiungani na kingine.

Anayetaka kuipita njia ile kabla haijaisha aje kati ya Julai na Septemba, ardhi ikiwa kavu, na aje na pampu, viraka na spoku zake mwenyewe. Ashuke kwenye basi popote baada ya Moronga, amsalimie mzee wa kwanza atakayemkuta, na amwulize barabara ya zamani ilipita wapi. Ataonyeshwa kwa fimbo. Pengine ataambiwa pia ni nani kalima sehemu ipi, na apite ukingoni asikanyage matuta.