Barua Iliyokuja kwa Jina la Paroko



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya barua pepe za udanganyifu, na hasa juu ya kimya kinachozifuata. Wenye umri wangu mtakumbuka miaka ya 2000, katika vibanda vya intaneti vya Mji Mkongwe, jinsi mtu alivyofungua barua zake akamkuta mjane wa jenerali fulani wa Afrika Magharibi akiomba msaada wa kuhamisha mamilioni ya dola. Tulicheka, kwa kuwa mjane yule alikuwa mbali mno nasi. Tapeli wa leo anajua jina la jumuiya yako na jina la padre wako.

Mama mmoja, mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo huko Ng'ambo, alipokea barua pepe yenye jina langu. (Naandika haya kwa ruhusa yake.) Ilianza kwa salamu zetu, ikasema niko kikaoni wala siwezi kupokea simu, kisha ikaagiza: ile michango itume kwenye namba hii, jina litakalotokea ni la mhasibu. Akatuma shilingi 380,000. Jina lililoonekana juu lilikuwa langu, lakini anwani haikuwa yangu. Jina katika barua pepe ni kama jina liandikwalo nyuma ya bahasha: mkono wowote waweza kuliandika. Cha kuchunguza ni anwani, herufi kwa herufi.

Fedha zile ziliuma, ila kilichoniumiza zaidi ni wiki tatu alizokaa kimya. Aliogopa kuitwa mjinga. Aliogopa zaidi kudhaniwa mwizi. Akaanza kuzirudisha kidogo kidogo kutoka katika faida ya maandazi yake. Katika wiki hizo barua ileile iliwafikia watu wawili wa jumuiya jirani, na mmoja wao akatuma. Aliyemfungua kinywa mama huyu si mimi wala katekista, bali kijana wa Kiislamu mwenye duka la simu Darajani, aliyemsimulia kwamba mama yake mzazi aliombwa sadaka kwa jina la shehe wa mtaa wao, kwa maneno karibu yaleyale.

Basi, likikupata, usiufute ujumbe, maana ndio ushahidi. Usiujibu, hata kwa matusi, wala usibofye kiungo kilichomo. Ikiwa fedha zimekwenda, piga 100 kwa kampuni yako ya simu papo hapo, kabla hujamlilia mtu yeyote. Zikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kuzirudisha. Ujumbe mfupi wa simu upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Utajibiwa utaje namba iliyokutumia, nawe uitaje. Kwa barua pepe, programu unayosomea ina mahali pa kuripoti ulaghai. Katika Gmail hupatikana kwa kugusa nukta tatu zilizo pembeni mwa barua. Ikiwa imejifanya benki, wapigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, kamwe si ile iliyo ndani ya barua. Kisha nenda polisi, na usiondoke bila namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar kama inavyotumika Bara.

Wapo waniambiao: "Padre, niripoti ya nini, nao hawakamatwi?" Sikubaliani nao. Namba iliyoripotiwa yaweza kufungiwa, na kila laini sasa husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo wachunguzi wana pa kuanzia. Ni kweli kwamba pengine wataishia kwa bibi kizee asiyejua lolote, ambaye msajili wa laini alimwambia aweke kidole mara mbili. Kwa sababu hiyo piga *106#, utazame ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Parokia haiombi michango kwa barua pepe. Wazee wanaosumbuliwa na maandishi madogo ya simu watasaidiwa na vijana wa VIWAWA Jumapili baada ya Misa ya pili. Waje na simu zenyewe, na namba ya siri wasimtajie mtu, hata kijana anayewasaidia.