Bolti haitaki ubabe

Najua nimepotea kitambo, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa PT, gereji moja kule Kigamboni, na leo nawaletea nilichotoka nacho huko: habari za bolti iliyogoma. Msicheke, maana bolti moja inaweza kula siku nzima ya mtu.

Kwa nini inagoma? Kigamboni upepo wa bahari hauna likizo. Chuma kikikutana na maji na hewa kinapata kutu, na chumvi inaharakisha mambo. Sasa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo inajaa kwenye nyuzi za bolti na kubana kama kabari. Hapo unashindana na kabari, siyo na bolti tu.

Basi bwana, siku moja ililetwa Hiace ya abiria, breki za mbele zinasaga chuma kwa chuma. Ili diski itoke lazima kalipa ifunguliwe. Bolti ya kwanza ikatii, ya pili ikagoma kabisa. Konda akaja na bomba la mita moja alichomeke kwenye spana. "Fundi, tunadaiwa hesabu ya bosi, tuimalize!" Fundi wetu, mzee wa watu, akalichukua lile bomba na kulikalia. "Mwanangu, ikikatikia humo ndani, leo hamtoki hapa."

Nilipiga hesabu palepale. Bolti ya kawaida ya milimita 12, yenye alama 8.8 kichwani, hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 80. Ukivuta kwa nguvu ya nyutoni 300 kwenye spana ya sentimita 30, unapata 90. Nguvu hiyohiyo kwenye bomba la mita moja inakuwa 300. Bolti haiwezi kuvumilia hiyo. Konda hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu, na haraka yenyewe ilikuwa ya kweli.

Mzee alifanya hivi. Alifunika diski kwa kitambaa ili mafuta yasiifikie. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akaweka mafuta ya kupenya, akagongagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, akaenda kunywa chai. Akarudi, akaweka tena, akagonga tena. Kisha akafanya kilichonishangaza: aliikaza kiduchu kwanza! Ile kutu ikapasuka, ikatoa mlio. Ndipo akaanza kulegeza, robo mzunguko mbele, anarudisha nyuma, anaongeza mafuta. Mtungi wa gesi ulikuwepo ila hakuugusa, kwa sababu mpira wa breki uko jirani, na mpira na moto haviivani.

Moto una mahali pake. Aluminiamu ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo bolti ya chuma iliyokwama kwenye aluminiamu hulegea ukipasha sehemu inayoishika. Na ikishakatika, kama kipande kimechomoza, fundi anachomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea linaachanisha kutu, na nati inakupa pa kushika spana. Kama haikuchomoza, ni kutoboa katikati kabisa, polepole. Keekee ikikosea njia, nyuzi zimekwenda.

Ile Hiace iliingia saa moja asubuhi, ikatoka saa tano. Dereva alikosa abiria wa asubuhi, akawahi wa jioni. Na abiria hao walipanda gari lenye breki, bila kujua kuwa kuna mzee alikalia bomba kwa ajili yao.

Sasa kinga, maana ndiyo rahisi. Kabla ya kurudisha bolti, safisha nyuzi kwa brashi, kisha iingize kwa vidole. Ikikataa vidole, usiilazimishe kwa spana. Bolti za eksozi zipakwe ile grisi yenye unga wa shaba, inayohimili joto. Nati za tairi na bolti za breki usipake kitu ovyo, fuata kitabu cha gari, kwa sababu vipimo vya kukaza nati za tairi kwa kawaida ni vya nyuzi kavu. Ukipaka mafuta, kipimo kilekile kinaikaza kupita kiasi. Kichwa kikianza kulika, nunua bolti mpya.

Kila anayekaza bolti anamwachia kazi fundi mwingine, asiyemjua, siku asiyoijua. Amwachie kazi inayofanyika.

Haya, narudi kusoma, kesho kuna tesiti ya tabia za vyuma. Niombeeni. Tukijaaliwa, wiki ijayo nitawapa kisa cha rejeta. Kazi njema!