Mkono Unapotoka Kwenye Picha

Kamera ya stopu-mosheni haioni kazi ikifanyika. Hufumbua jicho pale tu mfanyakazi alipokwisha kuondoa mkono, hupiga picha moja, kisha hufumba. Ndipo mtu anarudi, anasogeza goti la kinyago kwa unene wa punje ya mtama, anatoa mkono, inapigwa picha nyingine. Sinema hupita mbele ya macho yetu kwa picha 24 kila sekunde. Wahuishaji wengi huupiga kila mkao picha mbili, kwa hiyo sekunde moja ya kinyago kutembea inadai mikao 12, na dakika moja inadai 720. Mara 720 mkono umeingia na kutoka, na mtazamaji hakuuona hata mara moja. Yeye ameona sungura anatembea.

Kazi hii naifanya na watoto wa nyumbani kwetu Manundu, Korogwe, shule zikifungwa. Simu tunaifunga kwa mpira juu ya stuli, miguu ya meza tunaibana kwa matofali isitikisike, na udongo tunaletewa na shangazi kutoka Handeni. Shangazi ni mfinyanzi, kama walivyokuwa wanawake wengi wa Kizigua waliomtangulia. Udongo wake huja ndani ya kiroba kilicholowa, umekwisha kupondwa na kuchambuliwa vijiwe. Kwa watoto huo ni udongo wa sungura na fisi. Kwa shangazi ni udongo wa vyungu, watoto wamekopeshwa tu.

Udongo huo haumngojei mtu. Taa ikiwaka juu ya meza, sikio la sungura huanza kupauka nchani, halafu ufa mwembamba kama unywele hutokea pale linapoungana na kichwa, na kabla hajamaliza hatua ya tatu sikio limedondoka. Ukizima taa ukafungua dirisha upate mwanga wa jua, unakutana na tatizo lingine: kivuli cha nondo za dirisha kinatembea juu ya meza. Kwa macho hukioni kikisogea. Picha zikishaunganishwa, unakiona kimefagia meza nzima kwa sekunde tatu, na kila anayetazama anamsahau sungura. Mwalimu mmoja wa sanaa wa mji wa Bath, Uingereza, William Harbutt, alitengeneza plastisini mwaka 1897, udongo uliochanganywa na mafuta ili usikauke, na juu ya udongo wa namna hiyo umejengwa ukoo mzima wa filamu, hadi kwa Wallace na Gromit wa Nick Park. Plastisini inayofaa kazi hii hatukuwa nayo. Shangazi tulikuwa naye.

Alikaa pembeni akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hamumwachi akapumua. Kila akisogea mnamfinya mwili mzima." Akachovya kidole kwenye maji, akagusa pale tu sikio linapoungana na kichwa, akalilaza kidogo, akamfunika sungura kitambaa kibichi huku mtoto akijiandaa kubonyeza simu. Ndani tuliweka mifupa ya waya. Sungura akadumu.

Nimelea watoto, wa kwangu na wa ndugu, na naona wazi kwamba mengi tunayowafanyia ni kuwafinya mwili mzima kwa ajili ya kosa lililo kwenye kiungo kimoja. Mtoto amechelewa kurudi kutoka dukani, tunaanza na uvivu wake, tunapitia tabia ya baba yake, tunamaliza na mustakabali wake. Shangazi hakuwa anazungumzia malezi, alikuwa anazungumzia udongo. Lakini tangu siku ile nikitaka kumsema mtoto hujiuliza kwanza pa kugusa ni wapi hasa.

Kuna kanuni nyingine ambayo kila mhuishaji huijua. Ukitaka sungura aruke, lazima kwanza umshushe. Ukimwinua moja kwa moja kutoka alipokaa, filamu ikichezwa anaonekana amevutwa na uzi. Inabidi umkunje magoti, umwinamishe, masikio yarudi nyuma, picha nne au tano akiwa anakwenda chini, na hapo ndipo apae. Simamisha filamu kwenye mojawapo ya picha hizo uoneshe mtu asiyejua kinachofuata: atakuambia sungura anaanguka. Nina jamaa yangu aliyerudi Handeni kutoka Dar es Salaam akiwa na begi moja, biashara imekufa, na ukoo mzima ukamhesabu kuwa amekwisha. Leo analima machungwa upande wa Segera na anawalipia ada wadogo zake. Tulikuwa tumesimamisha filamu yake mahali pabaya. Sisemi kila anayeshuka atapaa. Nasema picha moja haitoshi kumhukumu mtu, na sisi tunahukumu kwa picha moja kila siku.

Kati ya waliotangulia katika fani hii, ninayemtafakari zaidi ni Ladislas Starewicz. Mwaka 1910, akiwa mkuu wa makumbusho ya viumbe huko Kaunas, Lithuania ya leo, alitaka kupiga filamu ya mbawakawa wenye pembe wakipigana. Ni wadudu wa usiku. Taa zikiwaka waliganda. Angeweza kuwachokoa kwa kijiti. Badala yake alichukua waliokufa, akawawekea miguu ya waya iliyoshikizwa kwa nta, akawasogeza picha kwa picha, akitumia kila alichokijua kuhusu mwendo wao walipokuwa hai. Mwaka 1912 akatoa Kisasi cha Mpiga Filamu, kisa cha wadudu wenye wivu wa ndoa, na inasimuliwa kwamba wapo watazamaji walioamini wadudu wale wamefunzwa. Ninachompendea ni kwamba ujuzi wake wa mbawakawa ulikuja kabla ya hila zake.

Potsdam, karibu na Berlin, kati ya 1923 na 1926, Lotte Reiniger alikata kwa mkasi watu wa karatasi ngumu na mabati membamba ya risasi, akawalaza juu ya kioo chenye mwanga chini yake, akatengeneza filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed, visa vya Alfu Lela Ulela ambavyo wazee wetu walivisoma kwa Kiswahili. Ray Harryhausen, kwa Jason and the Argonauts ya 1963, alitumia takriban miezi minne na nusu kuwapiganisha mifupa saba na watu watatu. Siku nyingine alipata fremu 13 tu, na hakuwa na skrini ya kumwonesha alichokwisha kufanya. Mwendo wote aliubeba kichwani. Na kwa jirani zetu wa Kongo, Jean-Michel Kibushi alianza na karatasi zilizokatwa na hadithi ya Watetela ya chura anayekwenda ukweni, mwaka 1991. Mwaka uliofuata alichukua michoro ya watoto walioshuhudia uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, akaipa mwendo. Kibushi alifanya haya katika nchi iliyokuwa inabomoka, na kila nikisikia mtu anasema hana vifaa namkumbuka yeye.

Korogwe nayo imo katika historia ya sinema, ingawa wengi wanaopita stendi kununua machungwa hawana habari. Juu huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1935 Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, walifungua kituo cha kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutoa filamu zipatazo 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, maelezo yakitoka kwenye santuri. Mojawapo inahusu vibarua wawili wa shamba: mmoja anaweka mshahara benki ya posta, mwingine anauficha ardhini na kuibiwa. Zama hizo wataalamu wa sinema za kikoloni, akiwamo William Sellers aliyefanya kazi Nigeria, walishikilia kwamba mtu wa kijijini apewe picha ndefu, za polepole, bila hila yoyote ya kamera, kwa kuwa hataielewa.

Na kwenye milima hiyohiyo na chini yake, kwa Wasambaa na Wazigua, watu walikuwa wanafundishana kwa vinyago vya udongo. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya Tanganyika, alivikusanya na kutoa kitabu juu yake London mwaka 1956. Mkusanyo wake uko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni vitu vidogo, vingi vinaenea kiganjani: mtu, mnyama, nyumba, chombo. Kila kimoja kina wimbo wake, na ndani ya wimbo mna onyo au sheria. Mwali aliyekaa mbele ya kungwi alitazama kipande cha udongo kisichosogea, akasikia wimbo, na akauona mji mzima: mume, mkwe, njaa, uongo, aibu. Huyo ndiye mtazamaji aliyeambiwa hawezi kuelewa picha. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Nilimwomba shangazi atufinyangie vinyago vya namna hiyo, tuvipe mwendo kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Sungura nitawafanyia, fisi nitawafanyia, hata tembo mkitaka. Wale wana wenyewe. Hawaendi kwenye picha." Sikumbishia. Kinyago cha unyago bila wimbo wake, bila yule aliyeandaliwa kuusikia, kimesimama kwenye fremu moja tu, na wimbo huo si wangu wa kuutia. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kila kitu kikirekodiwa kimeokolewa. Siku hizi nafikiri viko vitu vinavyookolewa kwa kufundishwa kwa anayestahili, wakati wake ukifika, na mlango ukiwa umefungwa.

Filamu ya sungura na fisi tulipoionesha sebuleni, majirani wamejaa hadi mlangoni, mtoto mdogo kuliko wote aliitazama mpaka mwisho, akageuka na machozi yanamlenga: "Mbona mimi sionekani?" Yeye ndiye aliyesogeza miguu ya sungura kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia kila sungura alipopiga hatua ni yeye. Hakuridhika, na namwelewa. Mama yangu aliamka bado hakujakucha kwenda kuanika singa kwenye korona, mtambo wa kuchakata mkonge, akarudi mikono imechubuka, nami nikavaa sare safi nikaenda shule. Kwenye sherehe ya kumaliza kidato cha nne waliitwa watu wengi mbele kushukuriwa, na yeye alikuwa amekaa nyuma, ameshika mkoba wangu. Alitoka kwenye kila picha ili mimi nionekane natembea mwenyewe. Nimechelewa kumwambia, lakini nimemwambia.

Yule mtoto tumemwandikia jina lake mwishoni mwa filamu, kwa herufi za udongo alizozifinyanga mwenyewe, zikijipanga moja moja. Likizo ya Desemba anataka tutengeneze mto, sungura auvuke akielekea Handeni. Maji ndiyo magumu kuliko yote katika kazi hii, maana hayana goti la kushika wala sikio la kulaza. Tutajaribu karatasi angavu za kufungia zawadi, zikikunjwa upya kila picha, na shangazi ameshaagizwa udongo mweupe kwa ajili ya povu.