Samaki Mwenye Jicho Jekundu

Nilikuwa safarini, na leo ninawaletea safari yenyewe.

Nilitoka Likasi Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, na mfuko kwenye mapaja. Ndani kulikuwa vitambaa sita vya meza vya mama mkubwa wangu, vile vya broderi. Konvoyeri alitaka niupandishe juu ya gari pamoja na mizigo mingine, nikakataa. Kitambaa kimoja kinachukua wiki tatu za mikono na macho ya mtu mzima. Hakiwezi kulala chini ya gunia la makala.

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 120. Barabara ni ya lami, lakini wenye barabara ni malori ya shaba, gari dogo linapita kwa huruma yao. Tulisimama Lwisha. Wamama walikuwa wamepanga uyoga kwenye mabeseni ukingoni, na wote walituita pamoja. Mama aliyekaa karibu nami alimpita muuzaji wa kwanza, akampita wa pili, akaenda moja kwa moja kwa wa tano. Aliporudi nilimuuliza kama uyoga wa kule ulikuwa mzuri zaidi. Akanijibu, “Ni uleule, mwalimu. Ila yule ninamjua.”

Nilibaki na neno hilo mpaka mjini.

Mama mkubwa wangu alijifunza sindano katika foyer, kwenye kambi ya wafanyakazi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wasomaji wazee wanakumbuka: tangu wakati wa Union Minière kulikuwa na nyumba hizo ambamo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Mengi yaliyofundishwa mule yalikuwa ya kumfanya mwanamke awe mke wa mfanyakazi tu, na mimi siyasifu. Lakini mikono ilibaki na ujuzi, na mishahara ya kampuni ilipokatika baadaye, sindano hiyohiyo ililipa masomo ya watoto wanne.

Yeye haandiki jina lake. Kwenye pembe ya kila kitambaa anashona samaki mdogo, mrefu kama ukucha, mwenye jicho jekundu. Jirani wote wanajua kwamba samaki ni yeye. Mchuuzi anayenunua vitambaa vyake anajua pia. Anakuja kila mwezi, analipa dola 12 kwa kimoja, anaondoka. Mara hii nilimwomba mama mkubwa anipe sita, nijaribu mwenyewe mjini.

Kabla ya kuanza kuuza nilipita kwenye makumbusho. Nilikuwa na saa mbili za bure, na mwalimu ni mwalimu. Kama katika makumbusho mengi duniani, mbele ya mask na viti vya wafalme unasoma jina la kabila, pengine jina la kijiji. Jina la mtu aliyeshika tezo, mara chache sana. Nikakumbuka somo moja la Institut Pédagogique, kuhusu fundi wa Buli. Kuna viti vya Kiluba na Kihemba vinavyobebwa na mwanamke mwenye uso mrefu, mashavu yameingia ndani, vidole virefu kuliko kawaida. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, aliona kwamba vitu vya namna hiyo vilivyotawanyika Ulaya vinafanana kama maandishi ya mkono mmoja. Kwa kuwa jina halikujulikana, fundi akaitwa kwa kijiji cha Buli, ambako viwili vya viti hivyo vilitoka. Miaka mingi baadaye ndipo lilipoanza kutajwa jina la mtu, Ngongo ya Chintu, na mpaka leo wataalamu wanasema “labda”. Kiti chake kimoja kiko New York. Kiti kilisafiri mbali hivyo, na jina la mwenyewe halikupanda naye.

Sasa mlinganishe na mji huuhuu wa Lubumbashi. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar. Humo walichora Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy, wa ndege na samaki na nyoka. Na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha kwa mistari mifupi mifupi kama mkeka. Walitia majina yao kwenye picha. Karakana yenyewe haikudumu, maana Desfossés alikufa mwaka 1954. Lakini mwaka 2015 kulipofanywa maonyesho makubwa ya picha za Kongo kule Paris, katika Fondation Cartier, watatu hao walikuwemo kwa majina yao. Mtu atasema walibahatika kuwa na Mzungu wa kuwabebea. Ni kweli, na inauma kidogo. Ila Tshibumba Kanda-Matulu hakuwa na karakana ya mtu. Alizunguka na picha zake akiziuza nyumba kwa nyumba, mpaka akamfikia Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea historia yote ya nchi, picha zaidi ya 100, na maelezo akayatoa katika Kiswahili chetu hiki cha Katanga, yakanaswa kwenye kanda. Kwa hiyo leo tunayo kazi yake na maneno yake pia.

Nilitoka makumbushoni na mawazo hayo, nikaanza kazi iliyonileta.

Duka la kwanza walisema hawanunui kwa mtu wasiyemjua. La pili vilevile. La tatu, lenye kioo kizuri na mapazia, sikuhitaji hata kufungua mfuko. Kwenye meza ya katikati kulikuwa kitambaa cha mama mkubwa. Yale maua ya rangi ya zambarau ninayajua, niliyaona yakizaliwa wakati wa likizo ya Pasaka. Bei: dola 45. Nikashika pembe. Mahali pa samaki palikuwa na matundu madogo ya sindano, uzi umefumuliwa kwa uangalifu sana. Dada wa duka alinieleza kwa upole kwamba ni kazi ya kutoka Zambia. Sidhani alisema uongo. Nafikiri ndivyo naye alivyoambiwa.

Sikugombana. Nilinunua maji, nikakaa chini ya mti kando ya wauza malakiti, mikono ikitetemeka. Na ni hao wauza malakiti walionifundisha. Kijana mmoja, aliyekuwa akisugua mamba wa jiwe la kijani kwa karatasi ya msasa, aliniomba simu yangu akanionyesha anavyofanya. Anapiga picha asubuhi, kivulini, juu ya kitambaa cheupe. Kwanza anapiga mikono yake ikifanya kazi, halafu kitu kilichokwisha. Chini anaandika jina lake, kata, na namba. Anatuma kwa marafiki kumi kwa WhatsApp, na kila mmoja anatuma kwake. “Mama, mteja akiona mikono yangu, hawezi kuambiwa nimekufa au ninakaa Zambia.” Tukacheka. Nilimuuliza kama wenzake hawamwibii umbo. Wanaiba, akasema, lakini wao pia wanamtumia wateja wakizidiwa na kazi, naye anawatumia. Peke yake asingepata hata nusu ya wateja hao.

Nilirudi Likasi na vitambaa vyangu vyote sita. Jumapili baada ya misa nilimweleza mama mkubwa. Nilidhani atakasirika juu ya samaki. Alinyamaza, akaendelea kuchambua sombe, kisha akauliza, “Huyo mchuuzi akisikia, akaacha kuja, mwezi ujao nitakula nini? Jina?”

Sikuwa na jibu, na ninaliandika hapa kwa sababu sisi wenye mshahara tunapenda kuwashauri wengine wawe na ujasiri. Dola 12 za hakika ni bukari na mafuta. Picha kwenye simu inaweza kukaa wiki nne bila mtu kupiga.

Tulikubaliana hivi. Vinne vitakwenda kwa mchuuzi kama kawaida. Viwili vitashonwa jina lote pembeni ya samaki, na namba ya simu kwenye kipande kidogo cha nguo nyuma ya pindo. Nilimpiga picha akiwa mlangoni, kwenye mwanga, miwani puani, sindano mkononi. Alitaka kwanza abadilishe kitambaa cha kichwa. Wamama watatu wa mtaa wanaosuka na kushona wameleta vyao pia, tukatuma zote pamoja, ili anayetafuta kitambaa aone na kikapu. Mega za simu tunachangia franka kidogo kila mmoja.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya salamu tu. Ya pili, familia moja ya Kipushi yenye harusi ilipiga, ikauliza kama mwenye samaki anaweza kutengeneza vitambaa vinane. Hawajatuma arboni bado.

Mchuuzi alikuja Jumanne. Aliona vile viwili juu ya kiti, akavigeuza, akasoma, akasema atavichukua vyote sita kama jina litafumuliwa. Mama mkubwa alimhesabia vinne, akapokea dola 48, na viwili akavirudisha kabatini.