Mgongo Unaotembea

Mtu anaweza kukulia Butembo, mashariki mwa Kongo, na kuzeekea hapohapo bila kumwona farasi hata mmoja. Mzigo kwetu hubebwa na pikipiki, hubebwa na chukudu, ile skuta ya mbao, na zaidi ya vyote hubebwa na akina mama. Ukishuka Beni, kilomita 50 na kitu upande wa kaskazini, joto linaongezeka na bonde la Semliki linakaribia, na mbung'o wa mabondeni si rafiki wa farasi. Kinshasa na Lubumbashi wana klabu za wapanda farasi. Sisi tulikuwa na Mtakatifu Martino kwenye picha, amekaa juu ya farasi akikata joho lake.

Kwa hiyo habari za mgongo nilizijua kwa akina mama waliokuja sokoni kutoka Kyondo na kabichi na viazi. Hawakubeba kichwani. Mkanda unapita kwenye paji la uso, mzigo unalala nyuma karibu na kiuno, mama anainama kidogo, shingo ameinyoosha mbele, hatua fupifupi. Mtoto akitazama anaona mzigo uko juu ya mgongo, basi. Haoni kingine.

Nilifika Ubelgiji na fikra hiyohiyo: mgongo ni mahali pa kuwekea. Kazi niliyoipata karibu na Liège ilikuwa ya kuzoa mavi, kubadilisha majani makavu na kusugua farasi. Wenye farasi walikuwa watu wa dresaji, mchezo ambao farasi na mpandaji wake huonyesha mwendo, mizunguko na visimamo katika uwanja wa meta 20 kwa 60, majaji wakitoa alama. Nilitazama wanachotazama wengi: miguu ya mbele inayorushwa juu, na shingo iliyopinda kwa madaha.

Aliyenigeuza macho ni mwalimu mmoja wa pale, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Farasi alikuwa ametoka mazoezini, nami nimeshashika mpira wa maji. Akanizuia. Nivue tandiko kwanza, nitazame jasho. Mgongo ulikuwa umelowa pande zote mbili, ila kushoto, nyuma kidogo ya bega, palikuwa na doa kavu lenye ukubwa wa kiganja. Akalibonyeza kwa vidole. Farasi akadidimiza mgongo na kulaza masikio. Tandiko lilikuwa limekandamiza pale mpaka jasho likakosa njia.

Kisha akanionyesha jambo la pili, ambalo mpaka leo namwonyesha kila anayeniuliza. Unasimama ubavuni, unaweka vidole chini ya kifua cha farasi, pale mkanda wa tandiko unapopita, unasukuma taratibu kuelekea juu. Farasi mzima anakaza tumbo, na mgongo wote unapanda mbele ya macho yako. Umegusa chini, kimesogea cha juu.

Farasi ana pingili 18 zenye mbavu na 6 za kiuno, na tandiko halitakiwi kuuvuka ubavu wa mwisho. Kando ya uti, kila upande, unapita msuli mrefu kutoka nyonga hadi chini ya shingo. Kazi yake ni mwendo: unakaza na kulegea kwa zamu, hatua kwa hatua. Mpandaji akiulalia kwa uzito wake wote huku amevuta hatamu, msuli unakaza usilegee tena. Mgongo unazama, miguu ya nyuma inabaki nyuma, na ile ya mbele inarushwa bila kitu kinachoisukuma. Vinavyobeba viko kwingine: tumbo kwa chini, na kwa juu kano nene inayotoka kisogoni hadi kwenye pingili za mabegani. Farasi akinyoosha shingo mbele na chini, kano hiyo inavuta mabega na mgongo unainuka. Hapo ndipo nilipowakumbuka akina mama wa Kyondo na mkanda wao wa paji la uso.

Si elimu mpya. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisifu mgongo wenye nyama pande zote za uti, kwa kuwa ni laini kuukalia. La Guérinière, Mfaransa, katika kitabu chake cha 1733, alifundisha kumwendesha farasi mabega yakiwa yameingizwa ndani ya njia, ili viungo vilainike. Waliosahau ni wa juzi. Mwaka 2006 daktari wa mifugo Mjerumani, Gerd Heuschmann, alitoa kitabu kilichokosoa mafunzo ya kukunja shingo za farasi, na 2010 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, likatamka kwamba kukunja huko kwa nguvu hakukubaliki. Tusidanganyane: wanaozikunja bado wapo.

Baadaye mwalimu alinipandisha farasi jike mzee, bila tandiko, kwa mwendo wa kutembea tu. Mbavu zilikuwa zikienda kushoto na kulia chini yangu, na nyonga zangu zikashuka kwa zamu, moja baada ya nyingine. Nilipojikaza kwa woga, alifupisha hatua. Nilipopumua, akairefusha.

Nikampigia mama simu Butembo. "Mama, ulipokuwa ukibeba, mgongo ulikuwa unafanya nini?"

Akacheka. "Mwanangu, mgongo ukiuachia mzigo peke yake unakatika. Unakaza tumbo, mzigo unacheza na hatua yako. Huushindi, unaufuata." Halafu akataka kujua kama hao farasi wanaliwa.

Ukiona dresaji kwenye televisheni wakati wa Olimpiki, achana kwanza na miguu ya mbele. Tazama nyuma ya tandiko. Kiuno kinapanda na kushuka? Mkia unayumba na mwendo, au umekakamaa na kupigapiga? Mguu wa nyuma unaingia chini ya tumbo, au unaburutwa? Yakikosekana hayo, alama za majaji zisikubabaishe: farasi huyo anatembeza miguu tu.