Tarumbeta la Bati na Swali la Wokovu

Mwandishi wa kumbukumbu hii alikulia Koboko, eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, miaka ya 1970, katika ukoo wa Kikakwa wenye mashehe na makatekista. Siku ya soko hakuna aliyelikwepa tarumbeta la mhubiri: bati lililokunjwa kama faneli, ukingo wake umezungushiwa kitambaa lisimchane midomo. Mhubiri alisimama karibu na wauza muhogo na samaki wakavu, akapaza sauti: “Umeokoka lini?” Alitaka tarehe.

Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua, mji wa eneo hilohilo, mwaka 1918, wakajenga misheni ya Mvara, na waumini wao wakawa Waanglikana. Mapadre Wakatoliki wa Comboni nao wakajenga misheni za Ediofe na Ombaci. Kwa wote hao njia ilikuwa ileile: mtoto anabatizwa, anafundishwa, anapewa kipaimara. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Dkt. Eliya Lubulwa, tabibu Mganda aliyefanya kazi Arua, alileta uamsho wa walokole, yaani waliookoka, uliokwisha kuenea Rwanda na kusini mwa Uganda. Sasa watu wakaambiwa kwamba ubatizo bila toba haumwokoi mtu. Wenye tarumbeta walikwenda mbali zaidi, wakahubiri nje ya makanisa wenzao wakiwa ibadani, na baadhi yao hatimaye wakajitenga na Kanisa la Uganda, lile la Kianglikana.

Wazee wa kanisa waliumia. Mtu aliyelelewa katika imani tangu mgongoni mwa mama yake, asiyeikumbuka siku aliyoongoka, naye amepotea?

Lakini walokole walikuwa na jambo moja ambalo mwandishi analiheshimu hadi leo: walilipa. Alimwona jirani wa mama yake, siku chache baada ya kuokoka, akirudisha jembe aliloliiba, kisha akaenda dukani kwa Mnubi mmoja Mwislamu, akafungua fundo la pindo la kitenge na kumwaga sarafu mezani. Zilikuwa za sukari aliyoichukua zamani. Mwenye duka alizihesabu, akanyamaza, halafu akamwita mkewe alete chai. Hakuna mahubiri ya sokoni yaliyomgusa Mwislamu yule kama zile sarafu.

Kilicholitikisa tarumbeta ni vita. Rais Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile, kwa kuogopa kisasi, walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci. Ukimbizini Mkatoliki, mlokole na Mwislamu walichota maji kisima kimoja na kuzikana. Huko ndiko mhubiri mmoja alikomjia mjomba wa mwandishi, aliyekuwa shehe, na swali lake la siku zote. Mjomba akamwambia, “Mwanangu, kaa kwanza. Unasema nimepotea, na hujaniuliza nilikuwa nakwenda wapi.” Mhubiri akakaa, wakazungumza mpaka adhuhuri. Mjomba alibaki Mwislamu, ila tangu siku hiyo yule mhubiri alikuwa akipita kumjulia hali.

Baada ya watu kurejea, Wapentekoste walishika kasi Arua, na jenereta na spika zao. Mabishano yakahamia mtoni: je, aliyebatizwa akiwa mchanga azamishwe tena? Tarehe haikuulizwa tena. Mtu aliambiwa ainue mkono, afuatishe sala fupi, aandikishe jina. Miaka michache iliyopita mwandishi alimuuliza mhubiri kijana kama huwa wanawafuata nyumbani walioinua mikono. “Mzee,” akajibiwa, “mkutano ni wa siku tatu.”

Hapo ndipo mwandishi anapotofautiana na wahubiri vijana kama huyo, tena waziwazi: kwake wokovu na kulipa haviachani. Tangu mwaka 2016 kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, imepokea wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, wakiwemo Wakakwa wa Yei. Wengine wameuliwa ndugu, wengine wameporwa ng'ombe, na waliotenda hayo nao wana makanisa. Wapo wachungaji wanaosema kwanza watu waokoke, mapatano yatafuata. Mwandishi anawaomba wamsome tena Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili: aliahidi kurudisha mara nne siku ileile Yesu alipoingia nyumbani mwake, na Yesu alitamka wokovu baada ya kuisikia ahadi hiyo.